Hakuna anayeshinda, sasa wanarudi kila Jumamosi kufanya nini?

Mama mmoja wa Donholm ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Kijana wangu ana miaka 19, yuko chuo mwaka wa pili. Kila Jumamosi anapanda matatu hadi Roysambu kwa rafiki yake, wako watu sita, wanakaa mezani kutoka saa nane mpaka saa moja usiku na makaratasi na dadu za ajabu ajabu. Nikimuuliza nani ameshinda ananiambia mum, hakuna mtu hushinda. Hii ni mwaka wa pili sasa na hajachoka, na ile PlayStation aliililia mpaka nikamnunulia aliiacha baada ya miezi mitatu. Mtu wa kanisa letu anasema hiyo ni mambo ya mashetani, na mimi nikiona dadu nafikiria kamari. Niambie ukweli, ni nini kinawashika hivyo?"

Mama, asante kwa kuuliza kwanza, juu kuna wazazi wanaanza na kuchoma makaratasi halafu ndio wanauliza. Mimi hizi gemu za mezani nimeziendesha hapa Nairobi miaka kumi na moja, na wanafunzi, na watu wa ofisi, na mara nyingine na watu wa umri wako, kwa hivyo nakujibu kama mtu wa ndani. Jibu litakuwa refu, niwie radhi.

Kamari nimalize haraka. Kamari ni pesa. Kwa meza ya kijana wako hakuna mtu anaweka shilingi, na dadu haimpi mtu kitu cha kubeba nyumbani. Kazi yake nitakueleza nikifika mbele kidogo. Siku ukisikia wanachangishana pesa na si ya soda au chapati, hapo uliza.

Ya mashetani ina historia yake na haikuanzia kanisa lenu. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo huko Michigan, Marekani, alipotea, magazeti yakaandika kwamba ni gemu moja ya hizi za mezani, inaitwa Dungeons & Dragons imempeleka kwa mashimo ya chini ya chuo. Baadaye ikajulikana alikuwa na shida zake nzito za kiakili na huzuni ambazo hazikuhusiana na gemu yoyote, lakini hadithi ilikuwa imeshatoka na haikurudi. Miaka yote ya themanini ikawa ni vipindi vya TV na mahubiri, mpaka kampuni iliyokuwa inaitoa ikaogopa, toleo la 1989 wakaondoa maneno "demon" na "devil" kwa vitabu wakaweka majina ya kubuni. Kitu iliyomo ndani ya hivyo vitabu ni majoka, wachawi na mazimwi, kama zile hadithi za usiku ambazo wewe na mimi tulilelewa nazo. Ukiwa na wasiwasi na meza fulani, uliza wanacheza hadithi gani, juu kuna gemu zingine ni za kutisha na ni za watu wazima, hilo sitakuficha. Lakini ni kama filamu tu, unaangalia ni gani.

Sasa swali lako lenyewe. Nimelifikiria wiki mzima na naona nikikuambia kwa maneno matupu hutaniamini, acha nikupeleke mezani.

Ilikuwa Jumapili, South B, stima ilipotea saa moja usiku, tumewasha mishumaa miwili juu ya visosi na simu moja imelazwa tochi ikiangalia dari. Wachezaji wanne na mimi. Vile inaenda ni hivi: kila mchezaji ana mtu wake ambaye amemuumba, tunamuita mhusika, ameandikwa kwa karatasi, nguvu yake, akili yake, anabeba nini. Mimi ni gemu masta, naeleza dunia, nasema mmefika mahali fulani, mnaona hivi na hivi, mnafanya nini? Wanajibu kwa mdomo. Hiyo ndiyo gemu yote mama, ni mazungumzo, hayo makaratasi na dadu ni vyombo tu.

Siku hiyo kulikuwa na dada mgeni, kazi yake ni uhasibu, aliletwa na mwenzake wa ofisi. Masaa mawili hakuwa amesema kitu zaidi ya "sawa". Mhusika wake alikuwa makanga. Aliandika tu hivyo, makanga, anajua kupanga watu, anajua kuongea. Sasa wamefika kwa daraja na pale darajani nimeweka jitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimechora daraja kwa karatasi ya miraba, nimehesabu lina nguvu ngapi na litapiga vipi. Wenzake wanapanga, hilo jitu likisimama upande huu tunalirushia mishale, likigeuka tunakata kamba. Yule dada akaweka kikombe chini, akaniangalia, akauliza polepole: "Naweza kumuuliza kama amekula?"

Sisi wote tulikuwa tunasema limekaa, linanguruma, litatupiga. Yeye akasema amekula.

Meza ikanyamaza. Mimi pia, juu sikuwa na jibu, na hakuna kitabu duniani kilikuwa na jibu. Nikakaa kidogo nikasema hajakula siku tatu, na tangu awekwe hapo darajani hakuna mtu amewahi kumuuliza. Dada akasema basi anashusha sufuria ya githeri kwa punda wao. Nikamwambia rusha dadu. Hiyo ni ile dadu ya pande 20, nikampa lengo la 15 kwenda juu, yaani pande sita kati ya ishirini, asilimia 30, juu lilikuwa jitu lenye hasira na njaa na mimi sipendi kudanganya watu kwamba upole unafanya kazi kila saa. Ikazunguka karibu na mshumaa ikatulia. Nne.

Nne ni kufeli, lakini kufeli vipi? Hapo ndio kazi yangu. Nikasema alikula githeri yote, akala na sufuria, akageuka akala punda. Watu wakapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikasema, na kwa sababu mmemuuliza, sasa amekataa kubaki nyuma. Akawafuata. Alikaa na wao kwa hiyo hadithi miaka miwili, akiwamalizia chakula kila mji wanaoingia, na tangu ile Jumapili hakuna mtu alimuita tena "hilo". Siku alikufa, akishikilia lango ili wenzake wapite, nilikuwa naeleza na dadu zilikuwa zimekataa kabisa, na yule dada alikunja karatasi yake akatoka akasimama verandani dakika kama kumi.

Mama, hiyo ndiyo inamshika kijana wako. Mtu alifungua mdomo akasema kitu ambacho hakikuwa kwa mpango wa mtu yeyote, akasikizwa, na dunia yote ya ile meza ikabadilika kufuata neno lake. Fikiria ni wapi kwingine kwa wiki yake hiyo inatokea. Chuo anasikiliza. Kanisani anasikiliza. Kwa simu anaskroli. Nyumbani, na si lawama, sisi wote tuko hivyo, anaambiwa toa nguo kwa kamba. Jumamosi anakaa na watu watano ambao hawawezi kuendelea kama hajasema anafanya nini.

PlayStation haiwezi hiyo, na si kwamba picha zake ni mbaya, ni nzuri kuliko mchoro wangu wa daraja. Lakini kila kitu unachoweza kufanya kwa ile mashini kuna mtu alikifikiria mapema akakiwekea batani. Kama hakufikiria kumuuliza jitu kama amekula, hakuna batani, utapigana tu. Ukimaliza ni wewe na wengine milioni mmemaliza vile vile, ndio maana alichoka miezi mitatu.

Na hii siri haikubuniwa na mtu ameketi akapanga, ilitokea kwa bahati. Mwaka 1969 huko Minnesota kulikuwa na watu wanapenda gemu za vita, zile za vijeshi vidogo vya kupanga mezani. Mmoja wao, David Wesely, akaandaa vita ya enzi za Napoleon kwa mji wa kubuni wa Kijerumani unaitwa Braunstein, lakini badala ya wote kuwa majemadari, wengine akawafanya watu wa mji, huyu meya, huyu mwenye benki, huyu mkuu wa chuo. Mambo yakamtoka mkononi. Watu wakaanza kuzungumza pembeni, kupanga njama, wawili wakataka kupigana wao kwa wao na hakuwa na sheria ya hiyo, ikabidi abuni pale pale. Alienda nyumbani akijua ameharibu. Wenzake wakamwambia lini tunarudia?

Wazo la rifa anayeweza kuamua jambo ambalo sheria hazikulitaja lilikuwa la zamani, maafisa wa jeshi la Prussia walikuwa wanafundishwa vita hivyo hivyo mezani karne ya 19. Lakini kumpa kila mchezaji mtu mmoja, mwenye tamaa zake na uoga wake, hapo ndipo kitu kiliwaka. Dave Arneson alikuwa kwa ile meza ya Braunstein, akaanza yake mwaka 1971, akaiita Blackmoor, na hiyo iliendelea wiki baada ya wiki na wahusika wale wale. Mwaka 1972 akaenda kumuonyesha Gary Gygax, mji wa Lake Geneva jimbo la Wisconsin. Gygax alikuwa amepoteza kazi ya bima, alikuwa anashona viatu nyumbani kulisha watoto. Fundi wa viatu mama! Wakaandika sheria pamoja, na Januari 1974 Dungeons & Dragons ikatoka, boksi 1,000 za kwanza, vijitabu vitatu ndani, dola 10, wakizipanga kwa mikono nyumbani. Ziliisha kabla mwaka kuisha. Kampuni iliyoitoa iliuzwa 1997 kwa sababu ya madeni, na gemu ikabaki, juu kampuni si gemu. Miaka hamsini na zaidi imepita, kompyuta zimekuja, simu zimekuja, na kwa hiyo meza bado ni watu wanaulizana unafanya nini.

Sasa nirudi kwa dadu, juu nilikuahidi. Hadithi zetu za jioni, paukwa, pakawa, zilikuwa tamu sana lakini nyanya alijua fisi ataishia wapi. Sisi tuliitikia tu. Hapa dadu inafanya hata mimi gemu masta nisijue. Ile nne sikuitaka! Nilikuwa nimeshampenda yule dada kwa swali lake, ningekuwa na ruhusa ningempisha darajani na punda wake, na hadithi ingekuwa fupi na baridi. Dadu inanilazimisha na mimi nisikilize, nisiwe mungu mdogo pale mbele.

Kuna gemu nyingine zinatumia dadu mbili za kawaida, zile za ludo, unajumlisha. Apocalypse World ya 2010 ndiyo ilianzisha ukoo wake. Ukipata 10 kwenda juu umefaulu, 6 kwenda chini umeingia shida, na katikati, 7 mpaka 9, unapata ulichotaka lakini kuna bei. Ukihesabu, kama huna pointi za kuongeza, kati ya njia 36 za dadu mbili kuanguka, 15 zinakupeleka hapo katikati na sita tu ndizo za kufaulu safi. Mtu wa Nairobi anaielewa hiyo bila kufundishwa, ni matatu ya saa kumi na mbili jioni, umepata, lakini utasimama mpaka Githurai. Wachezaji wangu wanapenda hizo kuliko za kufaulu safi, na mimi pia, juu hadithi yote hukaa hapo kwa bei.

Ndio maana kijana wako anakwambia hakuna anayeshinda, na hakudanganyi. Kwa Call of Cthulhu, gemu ya kutisha ya 1981, wahusika wako wana akili timamu inayohesabiwa kwa pointi na inapungua kila wakiona kitu hawakufaa kuona, mwisho wengi wanarukwa na akili au wanakufa, na watu wanaicheza kwa furaha mpaka leo. Wanataka kujua wataanguka vipi na wakiwa na nani.

Kitu kingine ambacho watu wanakichukulia rahisi ni kuendelea. Ulipokuwa mdogo ulicheza kalongolongo, najua, sote tulicheza, huyu mama, huyu daktari, tunapika matope kwa kifuniko cha Kimbo. Giza likiingia unaitwa nyumbani na yote yanaisha, kesho mnaanza upya na majina mengine. Hawa hawaanzi upya. Kijana wako ana daftari, mwombe akuonyeshe siku moja, utakuta deni la mhusika wake la mwaka jana, jina la mzee aliyewalaza siku ya mvua, na mstari umekatwa juu ya rafiki aliyekufa. Miaka miwili ya watu sita kukumbuka kitu kimoja pamoja. Tumekuwa na harusi kwa meza yangu, mmoja amefiwa na baba, wawili wamehama mji, na bado tukikutana mtu akisema "githeri" tu, wote tuko darajani. Watu wazima wa hii Nairobi hawakutani bila sababu, ni harusi, matanga, harambee au mpira. Hii inawapa sababu kila wiki, na nakuambia kampeni nyingi, yaani hizi hadithi ndefu za meza, huuliwa na ratiba kabla joka halijafika.

Sitakuambia kila meza ni nzuri. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimeandika hadithi yote mwanzo mpaka mwisho, kurasa arobaini, na kila mchezaji akitaka kwenda kushoto namrudisha kulia, mlango umefungwa, daraja limevunjika, askari amekataa. Ilichukua wiki sita wote wakawa kwa simu zao chini ya meza. Niliumia sana na sikuelewa, nilidhani hawana shukrani. Walikuwa wameona kwamba wakiongea hakuna kitu kinabadilika, kwa hivyo wakaacha kuongea. Meza nyingine inauliwa na mchezaji mmoja anayejibia kila mtu. Ukitaka kupima meza ya kijana wako, sikiliza kama yule mnyamavu kuliko wote anaulizwa "na wewe je?", na kama akishaulizwa wanangoja.

Kuhusu gharama, usiogope. Vitabu vya nje ni ghali hapa, lakini sehemu kubwa ya sheria za msingi za Dungeons & Dragons iko bure kabisa kwa intaneti, na ziko gemu za ukurasa mmoja ambazo unachapisha kwa saiba na dadu mbili za ludo zinatosha. Kwa hivyo akikuomba pesa ya kitabu si lazima useme ndiyo. Akikuomba pesa ya dadu moja ya pande 20 mpatie, hiyo itamkaa miaka.

Na usimuulize tena nani ameshinda. Muulize "mlifika wapi?" Halafu kaa chini, hiyo si ya kuuliza ukiwa mlangoni na mkoba, anaweza kukuhadithia nusu saa na kuna sehemu utapotea majina, mwambie tu arudie. Siku moja waalike kwako, wanahitaji meza na viti sita, na wewe ukiwa na kazi zako hapo karibu utasikia mwenyewe kuliko vile nimeandika.

Kitu moja tu ningesumbuka nacho kama ningekuwa wewe ni ile saa moja usiku, kutoka Roysambu mpaka Donholm ni kuunganisha magari mawili na giza limeshaingia. Ongea na yeye waanze saa sita badala ya saa nane. Wakikubali, saa kumi na moja atakuwa steji na gari bado ni mengi, na kama ni watu wa gemu kweli watalalamika kidogo kisha watakuja saa sita.